Kabla hujaandika "acha ugali"

Alhamisi ya kliniki ya kisukari nimemsikia mmoja wenu akimshauri bibi wa watu ale epo na mkate wa brauni. Vijijini Dodoma, Februari hii, maghala yakiwa matupu! Bibi akaitikia, "Sawa, mwanangu." Hiyo "sawa" naijua.

1. Uliza kwanza jana alikula nini, saa ngapi, na nani anampikia. Mwaka wangu wa pili kazini sikuuliza. Mzee mmoja alikuja na sukari ya damu ya 16 (mmol/L), imepanda mno. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: ACHA UGALI, KULA MBOGA. Glibenklamaidi yake, kidonge cha kushusha sukari, nikamkazia asiruke hata siku moja. Hakuruka. Siku ya tano wanawe wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, shati limelowa jasho, haitiki. Kupima, sukari imeshuka hadi 1.8. Siku zote hizo alikuwa anameza kidonge na kunywa mlenda mtupu, maana ugali wa uwele nilishamkataza. Tukamwekea dextrose, maji ya sukari, mshipani, akafumbua macho. Dawa ile haiishi mwilini upesi na sukari inaweza kushuka tena, kwa hiyo nilikesha naye nikimpima kila saa. Mfukoni mwa shati nikakuta karatasi yangu, imekunjwa mara nne, safi kabisa. Alfajiri akaniambia taratibu, "Nesi, nimefuata kama ulivyoandika." Hakunilaumu. Alitaka tu nijue kwamba hakukaidi.

Siku hizi naonyesha kwa mikono: ugali kiasi cha ngumi yake, mlenda ujae, maharage yakipatikana. Siku ambayo hakuna chakula, kidonge hicho hakimezwi, na aje atuone.

2. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla ni dalili za sukari kushuka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe kituoni. Wafundisheni na wajukuu, ndio wanaoshinda naye.

3. Insulini huharibiwa na joto. Bila friji: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini. Msiulize "unahifadhi vizuri?" Mama mmoja alijibu ndiyo miezi yote tuliyokuwa tunamwongezea uniti, kumbe kichupa kiko darini juu ya mafiga, watoto wasikifikie.

4. Miguu. Wavueni viatu, mtazame kama kuna vidonda, mpaka katikati ya vidole.

Na yule bibi wa epo msimsubiri hadi Alhamisi. Kadi yake ina glibenklamaidi. Nendeni kesho asubuhi, mkaone chungu chake kina nini.