Mota ya katikati: pima tundu la ekseli kabla hujatoa pesa

Mkuu, umeuliza kama baiskeli yako ya Phoenix huko Tabora inaweza kufungwa mota ya katikati, ile inayokaa penye ekseli ya pedeli, upate kubebea asali. Mimi niko Kigoma. Natumia mota ya katikati iitwayo Bafang BBS02 kwenye baiskeli ya mtumba yenye gia, na kazi yake ni kupandisha dagaa kutoka Kibirizi hadi Mwanga. Kwa Phoenix nakushauri usifunge mota ya aina hiyo.

Mota ya katikati inasukuma cheni, na cheni ndiyo inazungusha gurudumu la nyuma. Maana yake mota inafaidi gia kama mguu wako unavyofaidi. Nikianza kupanda mlima naweka gia nyepesi kabisa, mota inazunguka haraka, haihangaiki. Phoenix ina gia moja tu. Ukiwa na madumu ya asali kwenye mchanga mzito, mota itazunguka polepole huku inavuta umeme mwingi, na umeme usiogeuka kuwa mwendo unageuka joto. Hapo ndipo kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwa mota, inapoungua. Halafu zile breki za vyuma kwenye rimu iliyolowa mvua hazisimamishi mzigo ulioongezewa mota na betri. Kama huwezi kuiacha hiyo fremu, weka breki nzuri kwanza, kisha funga mota ya kwenye habu, yaani inayokaa katikati ya gurudumu lenyewe. Tabora ni tambarare, itakufaa.

Ukiamua kununua nyingine, nenda sokoni na rula. Usidanganywe na rangi wala shokapu. Mwambie fundi atoe ekseli ya pedeli, vikombe na gololi zote, tundu libaki wazi. BBS02 inataka upana wa milimita 68 hadi 73, na kipenyo cha ndani kisipungue milimita 33.5 hivi. Nyuzi za ndani zisikusumbue, mota haijifungi kwenye nyuzi, inachomekwa na kubanwa kwa nati upande wa kushoto. Baiskeli ambazo mikono ya pedeli na ekseli ni chuma kimoja kilichopindwa, kama BMX nyingi, zina tundu kubwa la kama milimita 51, zinahitaji adapta. Kwa huku kwetu, achana nazo.

Kisha ipindue, magurudumu juu. Tazama kama waya za gia zinapita chini ya tundu, kwa sababu mota inakaa hapo hapo. Tazama pia bomba la fremu linalotoka kwenye tundu kwenda gurudumu la nyuma, upande wa cheni: likiwa nene au limejipinda kwenda nje karibu na tundu, boksi la gia la mota litaligusa, na hakuna fundi wa kulikunja bila kuidhoofisha fremu. Hili watu wengi hawaliangalii, na ndilo linalokataa baiskeli nyingi nzuri.

Breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume haifanyi kazi na mota hii, ikatae. Tafuta ya diski. Nyuma ziwe gia 7 au 8 za chuma. Zile za 10 na 11 cheni yake ni nyembamba, na mota inaila upesi, tena spea hazipatikani hovyo. Kila ukibadilisha gia achia kwanza umeme, la sivyo utavunja meno ya gia.

Fremu ya kiume ni bora kwa sababu betri inakaa katikati, chini, na keria inabaki ya mzigo. Betri ya volti 48 na Ah 13 (ampea-saa) ni Wh 624 (wati-saa), ndicho kiasi cha umeme inachobeba. Ukibeba mzigo hesabu Wh 15 hadi 20 kwa kilomita, yaani kilomita 30 hadi 40. Hakikisha inaweza kutoa ampea 25 mfululizo, ndizo kontrola ya BBS02 inaweza kuvuta.

Ukipata unayoitamani, weka hapa picha ya chini ya fremu na upana wa tundu. Nitakuambia kama inaingia kabla hujalipa.