Nukuu ya Burke kwa vijana: ihakikishe kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuwafungulia vijana wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, mazungumzo kwa maneno ya Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18, kwamba uovu hushinda watu wema wasipofanya kitu. Maneno ni mazuri, lakini hayapatikani katika maandishi yake. Alichoandika mwaka 1770 ni kwamba wabaya wakiungana, wema nao lazima washikamane, la sivyo wataanguka mmoja mmoja. Kwa mji wetu naona hiyo ina nguvu zaidi, maana hapa kila mtu anaogopa akiwa peke yake nyumbani kwake. Aliyesema wabaya wanahitaji tu wema watazame bila kutenda ni mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, mwaka 1867.

Na ile nukuu ya Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, kwamba muuza nyama anatuuzia kwa kutafuta faida yake, si kwa wema, usiitumie kabla hujawauliza mama wauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa mtaa wetu wa Kadutu jinsi likirimba yao, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, inavyotembea kwa kuaminiana.

Lakini mbona unakwenda mbali? Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi hapa Bukavu, akipokea Nobel ya Amani huko Oslo mwaka 2018, alisema vita ya kupigana ni ile dhidi ya kutojali. Anza na yeye. Huenda baadhi ya vijana hao wamezaliwa palepale Panzi.