Dk. Caligari tena, na maswali yenu

Swali: Hiyo filamu bubu ya Dk. Caligari ni kisa cha kweli?

Hapana. Ni filamu ya kubuni ya Kijerumani ya mwaka 1920: Caligari anamwonyesha watu Cesare, mtu anayetembea usingizini, kwenye maonyesho ya mahema. Hata Holstenwall, mji wenye maonyesho hayo, haupo.

Swali: Mbona waigizaji wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki?

Hili nimelijibu hadi nimechoka. Wa kulaumiwa ni kopi uliyoipakua. Mwaka 1920 kamera ilizungushwa kwa mkono, picha chache kwa sekunde kuliko 24 za leo. Ukizipitisha kwa kasi ya leo, hata mzee wa mkongojo anakimbia. Tafuta iliyokarabatiwa mwaka 2014. Utagundua pia kwamba picha zilitiwa rangi. Na huo muziki wa disko mtu aliobandika juu yake, uzime.

Swali: Nyumba zimepinda. Walikosa fundi?

Walikuwa nao watatu: Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig. Mji mzima ni turubai na mbao, ndani ya studio Berlin, na vivuli vimepakwa kwa brashi. Mtazame karani wa mji: kakalia stuli ndefu kama mnazi, anamfokea Caligari aliyekuja kuomba kibali. Usiku huohuo karani anauawa. Kisha viwanja vya maonyesho vyenyewe: bembea zinazunguka, tumbili wa mpiga kinanda, Caligari na kengele yake mlangoni mwa hema. Ndani sanduku linafunguliwa, Cesare anafumbua macho taratibu, taratibu mno. Kijana Alan anamuuliza ataishi hadi lini. Hadi alfajiri, anajibiwa. Hakuna aliyepiga kelele hapo, wala damu hakuna. Waongozaji wetu wa filamu za majini na mapepo wanaotegemea mayowe wangekaa waitazame mara mbili.

Swali: Mwishoni, Francis, yule rafiki wa Alan, ni…

Nimelikata swali lako. Wengine hawajaiona.

Swali: Ipo iliyotafsiriwa na ma-DJ wetu?

Maneno yenyewe ni vibao vichache vya maandishi kati ya picha. Msomee bibi yako kwa sauti. Wajapani walikuwa na wasimuliaji wao, benshi, wakisimama kando ya pazia.

Swali: Ni kweli ilimtabiri Hitler?

Mhakiki wa filamu Siegfried Kracauer aliandika hivyo mwaka 1947, vita vimekwisha. Utabiri wa baada ya mvua! Mimi nawatazama waigizaji. Conrad Veidt, yule Cesare, mkewe alikuwa Myahudi. Waliondoka Ujerumani mwaka 1933. Werner Krauss, Caligari mwenyewe, alibaki, na mwaka 1940 akaigiza katika Jud Süß, filamu ya Wanazi ya kuwachukiza watu dhidi ya Wayahudi.