Wasomaji Wanauliza: Mhusika Amefika Kigoma, Lakini Amebadilika Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Tabora na Kigoma, na zote zinahusu hadithi za mtu anayejitafuta. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lake tunaliona kila mwezi.

Swali: Shikamooni. Nimeandika hadithi fupi ya kurasa 12, nami nimeiambatisha. Binti wa miaka 19 anapanda treni Urambo kwenda Kigoma kumtafuta baba yake, ambaye hajamwona tangu utotoni. Amebeba dumu la asali la lita 5, zawadi kutoka kwa bibi mzaa baba. Kaka yangu amesoma, anasema safari ameiona ila binti ni yuleyule, ingawa nimeandika mara tatu kwamba "alijitambua". Nimekosea wapi? *Msomaji, Urambo*

Jibu: Marahaba. Kaka yako kasoma vizuri. "Alijitambua" ni hukumu, na hukumu huitoa msomaji akishaona ushahidi. Futa zote tatu, pamoja na jamaa zake: "aligundua kuwa", "moyoni alihisi", "tangu siku hiyo hakuwa yule wa zamani". Kisha soma upya. Palipobaki pengo ndipo penye kazi.

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika vituo ulivyovitaja: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Kulia, mbele ya kila kituo, andika sentensi moja tu: hapa binti anaamini nini kuhusu baba yake? Hatuulizi anaona nini. Tunabashiri kwamba kuanzia Kaliua mpaka Uvinza upande wa kulia utakuwa mtupu, au utarudia maneno yaleyale. Treni inakwenda, mtu amesimama. Kurasa 12 hazibebi vituo sita. Bakiza vitatu, na kila kimoja kimnyang'anye jambo aliloliamini kwenye kituo kilichotangulia. Uvinza ibaki ikiwa chumvi ya pale ina kazi ndani ya hadithi. Kama umeiweka kwa vile kila mtu anajua Uvinza kuna chumvi, itoe.

Sasa dumu. Umelionyesha ukurasa wa kwanza, halafu tunalikuta Kigoma, baba analipokea, basi. Umelipoteza bure. Kitu kilekile kikitokea mara mbili na mhusika akakitendea tofauti, msomaji huyaona mabadiliko bila kuambiwa. Mathalani, kabla ya Kaliua abiria wa mbele yake anamwomba alisukume dumu chini ya kiti apate pa kuweka miguu. Anakataa, analibana kati ya magoti, maana ndilo ushahidi wake kwamba naye ana kwao. Baadaye, huko Ujiji, mlango unafunguliwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Baba hayupo. Asali anaifanyaje? Akimkabidhi yule mama, hiyo ni hadithi moja. Akirudi nayo stesheni akaiuza apate nauli ya kurudia, ni nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo bora, kwa sababu ina gharama: bibi atamweleza nini? Badiliko ambalo mhusika hakulilipia chochote, msomaji haliamini.

Lugha nayo imekuponza. Kurasa zako zimejaa "akapanda, akaketi, akanunua, akashuka". Mnyororo wa -ka- unasukuma matukio mbele na ni mzuri kwa kumfikisha mtu mahali, ila ndani ya mtu hauingii. Ukitaka kuingia, ukate. Punguza pia "alifikiri kwamba". Linganisha hizi mbili:

*Alifikiri kwamba baba yake asingemkumbuka.*

*Baba angemkumbuka kwa lipi? Kwa pua? Bibi alisema pua ni ya upande wa mama.*

Ya pili haina "alifikiri", na bado tuko kichwani mwake. Sentensi mbili tatu za namna hiyo zinatosha kwa tukio moja. Zikijaza ukurasa, treni inasimama na msomaji anashuka.

Kuhusu nafsi: uking'ang'ania "mimi", amua kwanza binti anasimulia akiwa na umri gani. Anayesimulia miaka 10 baadaye anaujua mwisho, kwa hiyo ukimfanya ashtuke kila kituo kana kwamba hajui, anakuwa mwongo. Nafsi ya tatu inayomfuata kwa karibu ingekurahisishia.

Swali: Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wangu wakiona mhusika anasafiri tu, wanaandika "amejitambua". Nitawatenganishiaje masimulizi ya safari na riwaya ya safari ya ndani? *Mwalimu, Kasulu*

Jibu: Mwalimu, anzia jirani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19 ambaye biashara yake ilipitia Tabora na Ujiji, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Wape wanafunzi nusu ukurasa wake wapigie mstari vitenzi. Watakuta zaidi kwenda, kupigana, kununua, kudai. Pembe zinapimwa kwa frasila (kipimo cha zamani cha uzito), na msimulizi hatikisiki. Hiyo si kasoro. Ni maandishi ya aina nyingine, na anayeyasoma akitafuta machozi anayaonea.

Kisha weka pembeni yake riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ambayo sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake, na baadaye anakwenda bara na msafara wa biashara. Misafara ni ya aina ileile, ila vitenzi vimebadilika: mtoto anasikiliza, anaota, anaogopa, anaona aibu. Mwishoni anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Hapo uliza: amejikomboa, au amebadili bwana? Darasa likigawanyika, waache wabishane kipindi kizima. Sharti liwe moja: hakuna kujibu bila kutaja tukio la mwanzoni na la mwishoni. Kwa swali la alama 10 unaweza kugawa hivi: 2 kwa tukio la kwanza, 2 kwa la pili, 4 kwa kueleza tofauti, 2 kwa kuonyesha kilichosababisha. "Amejitambua" peke yake, sifuri.

Waonye pia kwamba kujijua hakumponyi kila mtu. Kazimoto wa riwaya ya *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi hachoki kujihoji, na mwisho wake ni kujiua. Mwanafunzi aliyekariri kwamba safari ya ndani huishia kwenye heri atakwama papo hapo.

Swali: Kila nikianza riwaya ya *Nagona* ya Kezilahabi naishia njiani. Sijui nani ni nani wala tuko wapi. Nisomeje? *Msomaji, Ujiji*

Jibu: Usitafute nani ni nani. Kitabu (cha mwaka 1990) ni chembamba. Kisome chote kwa mikao miwili bila kurudi nyuma, hata pale usipoelewa. Wengi wanakwama kwa sababu wanakisoma kama *Rosa Mistika*, riwaya yake ya kwanza, wakidai sababu na matokeo, na kumbe hiki kinakwenda kwa mwendo wa ndoto. Mara ya pili shika penseli. Weka nukta kwenye kila picha inayojirudia, na mstari kwenye kila swali linaloulizwa. Ukimaliza, yanakili maswali hayo peke yake kwa mpangilio wake, uone yalivyoanza na yalivyoishia. *Mzingile* (1991), riwaya yake iliyofuata, isubiri mpaka hapo. Anayeanza nayo hujisumbua mara mbili.

Swali: Je, ni lazima mhusika atoke nyumbani ndipo ajitafute? *Msomaji, Tabora mjini*

Jibu: Si lazima. Ila mtu aliyekaa chini ya mwembe akiwaza kurasa nane si hadithi. Anayebaki nyumbani anahitaji kitu kimjie: mgeni, barua, msiba, deni la pembejeo. Na mpe kazi mikononi. Kwa huko kwenu, mweke kwenye kuchambua tumbaku. Majani yanapangwa kwa madaraja, jicho linaweza kukosea, na yupo wa kumkemea akikosea. Wazo lake zito liweke pale anapotupa jani kwenye fungu lisilo lake, kisha yule wa kukemea aseme neno.