Kurudi kwenye vyuma vizito baada ya pingili ya kiuno kuteleza
Umeuliza, kaka, kama unaweza kurudi kunyanyua vyuma vizito: inawezekana ikiwa pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) imeteleza kwa daraja la kwanza tu, yaani isiyozidi asilimia 25 ya upana wa ile iliyo chini yake, na maumivu yametulia. Nimesimamia mazoezi ya tiba ya viungo hapa Sinza, na wanaofanikiwa ni wale wanaoimarisha kwanza misuli ya tumbo na makalio, kisha wakaongeza uzito kidogo kidogo bila kupinda mgongo kwa nyuma, kwa kuwa mkao huo huielemea sehemu ya mfupa ambayo mara nyingi huwa na ufa. Ukipata ganzi miguuni au mkojo ukikutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.