Nilivyoipata neema kwa mama aliyenitilia maji kwenye maziwa

Bwana asifiwe ndugu uliyeuliza, salamu kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Umesema uliokoka Pasaka hii na unataka kuwaambia wenzako wa steji ya boda habari za neema, lakini ukifungua mdomo tu wanakuita "pasta" na kuangua kicheko. Nitakujibu kwa kisa changu, maana mahubiri naona unayo tayari.

Mimi nilikuwa wakala wa forodha, tena wale wenye ulimi mtamu. Dereva anafika na lori kutoka Mombasa, amechoka, karatasi hazielewi vizuri. Namwambia kuna ada ya 30,000, mara ya mizani, mara ya muhuri. Ada yenyewe haipo duniani. Jumapili niko kanisani, kiti cha mbele, na sadaka natoa katika hizohizo.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori. Mkiga, mtu wa Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, alihamia huku zamani, na kwa kuwa mimi ni Mteso tulizungumza Kiswahili. Siku moja kabla sijakaa akanivuta pembeni. "Mwanangu, maziwa yalipanda, na mimi wiki tatu hizi nimekuwa nawaongezea maji bila kuwaambia. Bwana amenionyesha. Nisamehe. Wewe umekunywa vikombe 18." Akanihesabia shilingi 4,500 mkononi, noti mbili na sarafu.

Nilicheka, nikamwambia Mama, hiyo si kitu. Akasema kwake ni kitu, akaenda kumwita mteja mwingine. Basi. Hakuniuliza "na wewe je?" Angeuliza, ningekuwa na majibu matano. Alichofanya ni kuniachia zile sarafu mfukoni, na kutwa nzima zilikuwa zinalia kila nikitembea. Jana yake tu nilikuwa nimemnyang'anya utingo wa watu 30,000 huku natabasamu.

Baadaye ndipo nikajua yule mama ni Mulokole, wa Balokole hasa, yaani "waliookoka", watu wa uamsho wa Afrika Mashariki. Wengi wanawajua kwa wimbo wa Tukutendereza peke yake. Uamsho ule ulianzia kwa watu waliochoka na ukristo wa jina tu: mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Kigezi, Ankole, Buganda na kuvuka hadi Kenya na Tanganyika. Alama yao ilikuwa kutubu waziwazi na kurudisha. Mtu alirudisha jembe, mbuzi, fedha ya mwajiri. Wao huita kutembea nuruni. Wana makali yao pia, sifichi; nimewahi kukemewa kwa ajili ya shati.

Nikaenda kwa mama na daftari. Nilikuwa nimeandika madereva niliowakumbuka, 41, na jumla ya fedha. Nikamwambia nikimaliza kulipa nitasimama kanisani nishuhudie kuwa nimeokoka. Akaendelea kukanda unga wa chapati. Akaniuliza, "Zakayo alilipa lini?" Nikasema siku ileile. "Kabla Yesu hajaingia kwake au baada?" Nikanyamaza. Akasema, "Yesu alijikaribisha kwa mwizi kabla mwizi hajataja senti moja. Wewe unataka kufagia nyumba mwaka mzima ndipo umfungulie. Daftari lako zuri, lakini si yeye."

Nimesoma Luka 19 tangu utoto na mpangilio huo sikuwahi kuuona. Nililia pale kwenye moshi wa kuni, na watu wakidhani ni moshi.

Kurudisha kulifuata, na hakukuwa kuzuri kama kwenye ushuhuda. Nimewapata madereva 14. Mmoja alichukua fedha akanitukana na mama yangu. Mmoja alidhani nimetumwa na polisi, akakata simu. Mwingine aliniambia nimnunulie soda tuyamalize, na huyo ndiye ninayekula naye kikomando, chapati na maharage, hadi leo kila akipita.

Sasa turudi kwako na hilo neno "neema". Hapa pana mtego ambao wahubiri wengi hawauoni. Kwa Kiswahili cha kawaida neema ni mvua imenyesha, mahindi yamejaa ghala, mwaka wa neema. Ukimwambia kijana wa boda kwamba Mungu ana neema, anasikia pikipiki mpya. Ndiyo maana wale wahubiri wa "panda mbegu", toa sadaka upate utajiri, wanapata watu haraka, neno lenyewe limeshawafanyia nusu ya kazi. Mimi hutumia ekisa la Kiganda kulieleza, neno ambalo hata mdaiwa hulitumia akimsihi mwenye fedha amwonee huruma. Ukianza na deni, steji nzima inaelewa, kwa sababu nusu yao pikipiki si zao na kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri. Waambie kuhusu mwenye mali aliyelipia deni lako mwenyewe. Lakini taja deni lako, kwa jina na kiasi. Ukitaja la kwao utaitwa pasta tena, na watakuwa na haki.

Kuhusu tumaini nina kisa kifupi, na si kitamu. Wakala mwenzangu aliugua figo. Mhubiri fulani alimwahidi uponyaji akitoa sadaka, akauza mbuzi wawili. Nilipokwenda kumwona nilitaka na mimi kusema "utapona", ilikuwa mdomoni kabisa. Akaniwahi: "Na nisipopona, hiyo habari yako njema inaishia hapo?" Nikamsomea Warumi 8, pale Paulo anaposema si mauti wala uzima vitakavyotutenga na upendo wa Mungu. Nikamwambia mauti imetajwa ya kwanza katika orodha ile. Akataka nirudie. Nilirudia mara nyingi wiki zile, hadi akawa ananitangulia yeye. Alifariki kabla ya Krismasi. Wale mbuzi hawakurudi.

Jambo jingine, kwa kuwa umesema unataka kwenda hadi Kampala kuhubiri kwa Kiswahili. Nenda, ila ujue masikio ya watu. Kule mtu mzima akisikia Kiswahili cha kelele bado anawaza askari. Yule mama aliniambia enzi za Amin Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Februari 1977 askofu mkuu Janani Luwum aliuawa, na askofu wao wa Kigezi, Festo Kivengere, akakimbilia uhamishoni. Huyo Kivengere, Mulokole wa kweli, mwaka uleule alitangaza kuwa amemsamehe Amin. Mama anasema yeye ilimchukua miaka mingi zaidi ya askofu. Kwa hiyo aliponiomba msamaha kwa Kiswahili, lugha ile ya kizuizini, hakuwa ananirudishia bei ya maziwa tu.

Na usione haya kwa lugha hii. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, vitabu vya Injili ya Kiganda havikuwapo bado. Vijana wa jumba la Kabaka walianza kusoma maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Zanzibar, wakaitwa abasomi, wasomaji.

Kwa hiyo kesho ukifika steji usipande juu ya jiwe. Kaa kwenye benchi. Kama kuna abiria uliyemzidishia nauli mbele ya wenzako, anza na huyo, wakiwa wanasikia. Watacheka. Mmoja ataacha kucheka mapema kuliko wengine, na huyo usimfuate siku hiyo, mwache atembee na sarafu zake.

Kibanda cha mama kipo bado. Maziwa yamepanda tena mwezi uliopita, na safari hii ameandika bei mpya ya chai kwa chaki mlangoni, herufi kubwa.