Poti za Bacula 9101, 9102 na 9103: nani anaanza kumtafuta nani?

Swali: Habari za kazi kaka. Nashughulika na IT kwenye saccos moja huku Morogoro. Nimeweka Bacula, ile programu ya kubekapu, kwenye seva ya Ubuntu yenye IP 192.168.10.5, Director na Storage zote zimo humo humo. Bekapu ya seva yenyewe inapita vizuri kabisa ila ya kompyuta ya mhasibu, Windows, inagoma, job (kazi ya bekapu) inakaa tu inasema inasubiri klaienti, yaani hiyo kompyuta ya mhasibu, ikonekti kwenye Storage mpaka inakufa. Nimefungua 9101, 9102 na 9103 kote kote, kwenye seva na kwa mhasibu, bado. Kuna poti nimeisahau?

Jibu: Salama ndugu yangu. Poti ni hizo hizo tatu, hujasahau kitu. 9101 ni ya Director anayesimamia kazi zote, 9102 ni ya File Daemon ambayo ndo inakaa kwenye kompyuta unayoibekapu, na 9103 ni ya Storage Daemon inayoandika data kwenye diski au tepu. Wengi wanaishia kukariri namba tu, wakati kinachotakiwa kujua ni nani anaanza kumtafuta nani, kwa sababu fayawoli inaangalia yule anayeingia, na poti inafunguliwa kwa anayepokea.

Sasa fuatilia job moja toka mwanzo. Wewe unaingia kwa bconsole, yaani dirisha la kuandikia amri za Bacula, hiyo inagonga Director kwenye 9101. Director inaigonga Storage kwenye 9103 kuhakikisha ipo tayari, halafu inaenda kwa mhasibu kwenye 9102 inamwambia haya, anza kazi, na inampa adress ya Storage. Baada ya hapo kompyuta ya mhasibu yenyewe ndo inaondoka kuitafuta Storage kwenye 9103 na kumwaga data huko moja kwa moja, data yenyewe haipitii kwa Director hata kidogo. Hii hatua ya mwisho ndo watu hawaitegemei, wanadhani seva inakuja kuvuta mafaili.

Kwa hiyo ujumbe unaouona umeshakupa nusu ya jibu. Director imefika kwa mhasibu, 9102 iko poa, usiiguse tena. Kilichokwama ni safari ya kutoka kwa mhasibu kwenda 9103.

Fungua bacula-dir.conf, tafuta kipande cha Storage, angalia mstari wa Address. Kama umeandika localhost au 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, basi ndo hapo hapo, maana ile adress inapelekwa kwa klaienti kama ilivyo, na mhasibu akiambiwa aende localhost anajitafuta yeye mwenyewe kwenye Windows yake ambako hakuna Storage yoyote. Ndo maana bekapu ya seva inapita, kwa seva localhost ni kweli. Weka 192.168.10.5, halafu ndani ya bconsole andika reload.

Usiishie hapo lakini. Vifurushi vya Bacula vya Debian na Ubuntu vinakuja na SDAddress = 127.0.0.1 kwenye bacula-sd.conf, yaani Storage inasikiliza ndani ya seva tu, hata ufungue fayawoli yote hakuna wa nje atakayeipata. Kwenye seva andika:

sudo ss -tlnp | grep 910

Ukiona 127.0.0.1:9103 jua hiyo imejifungia, badilisha SDAddress iwe 192.168.10.5 kisha systemctl restart bacula-sd. Ukirekebisha kimoja ukaacha kingine utahangaika, Director nayo itaanza kulalamika haiioni Storage.

Kisha jaribu ukiwa umekaa kwenye kompyuta ya mhasibu, sio kwenye seva, hili nasisitiza kwa sababu kujaribu kutoka seva kwenda seva hakukwambii lolote. Fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 9103

Ikisubiri sana ndo ikashindwa, mara nyingi fayawoli inameza pakiti kimya kimya. Ikikataliwa papo hapo, mara nyingi umefika kwenye mashine ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, rudi kwenye SDAddress.

Ikishapita, anza kufunga ulivyofungua ovyo. Kwa mhasibu acha 9102 tu, tena kwa IP ya seva peke yake. Kwenye seva acha 9103 kwa mtandao wa ofisi:

sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 9103 proto tcp

Na 9101 acha kwa kompyuta unayotumia bconsole tu, kama unaitumia ndani ya seva basi isionekane nje kabisa. Nakuomba sana hizi poti zisifunguliwe kwenye rauta kuelekea intaneti, hiyo ni data ya wanachama, tawi likiwa mbali tumia VPN. Na ukiona kwenye ss mhasibu anatokea poti kama 51544 usiifungulie njia, Windows inajichagulia namba yoyote kati ya 49152 na 65535 upande wa anayetoka, kesho itakuwa nyingine.

Kitu kimoja utakutana nacho bekapu ikiwa kubwa: job inaenda saa kadhaa vizuri halafu inakatika, unaanza tena kuzishuku poti. Wakati data inatiririka kwenda 9103, ile koneksheni ya Director na mhasibu kwenye 9102 imekaa kimya haina kazi, na rauta au fayawoli nyingi zinaikata zikidhani imekufa. Weka Heartbeat Interval = 60 kwenye konfigi ya Director, ya Storage na ya klaienti, kila mmoja atume kaujumbe kila dakika, na restart zote tatu.